Anzieni Mpaka wa Mbali

Najua mtacheka mkisikia nimestaafu. Nina miaka thelathini na sita, magoti yangu bado yanapanda vilima, na mvi niliyonayo ni moja tu, nayo naing'oa kila inaporudi. Lakini misimu kumi na minne ya kuhesabu vitumba vya pamba imenitosha. Kwa kuwa hakuna aliyenifanyia sherehe ya kuniaga, nimeona nijiage mwenyewe kwa kuwaandikia nyinyi mlioajiriwa msimu huu. Niliwaona Bariadi mkiwa mmepanga mstari, mkigawiwa vishikwambi na fulana. Niliwahesabu. Nikawahesabu tena, kwa sababu mmoja wenu alitoka kwenda kununua maji na sikuwa na hakika kama nilishamhesabu.

Huo ndio ugonjwa wangu, na nauweka wazi mapema ili msije mkadhani anayewaandikia ni mtu mtulivu. Barua hii nimeianza mara nne. Mara ya tatu niliichana kwa sababu mstari wa kwanza ulikuwa umepinda.

Kwa wasiotujua, kazi yetu ni hii. Pamba ikishafunga vitumba, kabla haijapasuka na kuwa nyeupe, mtu anatembea mashambani na kamba na daftari. Anatandika kamba kwenye mstari, anahesabu miche iliyo ndani ya kamba, anahesabu vitumba vya kila mche, anazidisha, anapeleka ofisini. Ofisi inaunganisha hesabu yake na za wenzake na kusema: msimu huu tutegemee kiasi hiki. Hayo ndiyo makisio. Kwa makisio watu wanapanga magari na magunia, na vinu vya kuchambua pamba vinaita vibarua. Yakipanda huko juu zaidi, ambako mimi sijawahi kufika, yanabadilika jina yanaitwa mwelekeo wa uchumi. Nyinyi mtasikia redioni mtu mwenye sauti nzito akisema mwelekeo ni mzuri. Mimi nikisikia hivyo naizima redio, kwa sababu najua sehemu ya mwelekeo huo ilianza na kamba yangu ya katani, yenye fundo katikati pale ilipotafunwa na mbuzi.

Sikusomea kazi hii. Niliishia darasa la saba hapo Sola, wilaya ya Maswa. Hesabu za kuzidisha desimali nilijifundisha mwenyewe kwenye kitabu kilichokosa jalada, ambacho kaka yangu Shija alikinunua mnadani akidhani ni cha nyimbo za kanisani. Aliponiona nimekishikilia wiki nzima, alirudi mnadani akaninunulia na kikokotoo. "Soma, Holo," aliniambia. "Kwenye ukoo huu anatakiwa mtu mmoja anayejua kitu kwa hakika." Maneno yale aliyasema kwa kunifurahisha. Mimi niliyachukua kama kiapo, na ndiyo yaliyoniharibia usingizi hadi leo.

Aliyenionyesha kazi yenyewe ni Mama Minza, mwanamke mnene wa Ipililo aliyekuwa akihesabu tangu nikiwa mtoto. Ugoro wake aliufunga kwenye pindo la kanga. Siku yangu ya kwanza nilihesabu kila kitu cha mviringo kilichokuwa kwenye mche. Alinitazama, akapiga chafya, akasema, "Mayu, mama, na hizi punje za kinyesi cha mbuzi hapa chini mbona umeziacha? Nazo ni za mviringo."

Kisha akanifundisha jambo ambalo kishikwambi hakiwezi kuwafundisha. Kitumba ukibonyeze kwa kidole gumba na cha shahada. Kizima kinakataa. Kilichoingiwa na funza kinakubali. Ukitazama kwa macho tu, vyote ni kijani na vyote vinang'aa. Mwezi mzima nilibonyeza mpaka kucha zikawa nyeusi, na bado kila jioni nilirudi kwenye miche niliyoipita mchana kuhakikisha. Mama Minza aliniambia, "Wewe unahesabu kama mtu anayetafuta wa kumlaumu."

Jambo la pili alilonifundisha ni mbegu mfukoni. Huku kwetu hupiti shambani bila kusalimiwa, na salamu haiwi neno moja. Mwangaluka, mhola, wa nyumbani mhola, ng'ombe mhola, mvua je. Ukimaliza kuitikia umeshasahau kama ulikuwa kwenye mche wa thelathini na moja au wa arobaini na moja. Na huwezi kunyamaza, maana asiyeitikia salamu ni mchawi au ana jambo. Basi chukua mbegu za pamba uweke mfuko wa kulia. Ukimaliza miche kumi, hamisha mbegu moja kwenda mfuko wa kushoto. Aje mtu akusalimie hadi kizazi chake cha nne, hesabu yako iko salama kwenye mfuko wa sketi. Mimi nilishona sketi zangu zote mifuko miwili kwa ajili hiyo. Hata ya harusini.

Nikiwaambia hivi mtaona kama nilikuwa mtu makini. Nilikuwa makini, na ndiyo maana kosa langu lilikuwa kubwa. Mzembe hukosea huku na huku, leo juu, kesho chini, mwisho wake hesabu inajisawazisha. Mimi nilikosea kwa unadhifu, shamba kwa shamba, msimu kwa msimu, upande uleule.

Nisijifanye kama nilijua wakati ule. Kwa miaka mingi namba zetu ziliishia kabatini. Tulizipeleka, zikagongwa muhuri, zikalala. Halafu uongozi wa nchi ukabadilika.

Mnaukumbuka wakati ule, ingawa wengine mlikuwa bado shuleni. Hakukuwa na kijiwe Bariadi ambacho hakikuwa na mchumi wake. Fundi baiskeli anakuambia wanunuzi wengi watarudi kushindana na bei itapanda. Muuza vocha anakuambia hapana, bei hupangwa Ulaya, serikali yoyote ikija inaikuta. Mmoja anasema dawa za wadudu zitakuja mapema, mwingine anasema hazitakuja kabisa. Kila nikipita, mtu aliyejua kazi yangu ananishika mkono. "Holo, wewe uko jikoni. Tupande pamba au tuhamie kwenye choroko na alizeti?" Sikuwa jikoni. Nilikuwa shambani na kamba. Lakini nilikuwa naona aibu kusema sijui, kwa hiyo nilikuwa nasema, "Inategemea," na kutembea haraka.

Ofisini kwetu, Lagangabilili, aliletwa afisa mpya. Alikuwa kijana, pengine kanizidi mwaka mmoja, na alikuja na viatu vyeupe. Siku ya kwanza tulipompeleka kwenye udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua, kiatu kimoja kilibaki humo. Aliendelea kutembea hatua tatu na soksi akiwa anazungumzia fursa. Nawaambia hili bila dharau. Nilikuja kumpenda yule mtu. Wakati ule, hata hivyo, alikuwa na haraka ya mtu aliyeahidi jambo kwa wakubwa wake.

"Dada Holo," aliniambia, "safari hii makisio hayalali kabatini. Yatasomwa mikutanoni, kijiji kwa kijiji. Watu wanataka kujua wanaelekea wapi. Niletee namba yenye matumaini."

Ningepaswa kumwambia kwamba fomu yangu haina safu ya matumaini. Jibu hilo nililipata siku mbili baadaye nikiwa naosha vyombo. Pale ofisini nilisema, "Sawa, afisa."

Sikupika namba, nawaapia. Nilihesabu mashamba yangu yote ya Sola na ya Ipililo kama nilivyohesabu siku zote. Nilibonyeza kila kitumba. Nilirudia. Namba ilikuwa nzuri, kama ilivyokuwa nzuri kila mwaka. Afisa aliisoma kwenye mkutano wa kijiji kwetu Sola, mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi la wageni kijijini kwangu mwenyewe, na akamalizia, "Ndugu zangu, mwelekeo ni mzuri." Watu wakapiga makofi. Shija alikuwa amesimama nyuma, na alipiga makofi akinitazama mimi.

Jioni alikuja nyumbani kwangu. Hakukaa. Mtu asiyekaa ana jambo.

"Holo, ni kweli?"

"Ni hesabu, kaka."

"Nauliza ni kweli?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Mvua ya mwisho. Funza. Bei itakayotangazwa."

"Lakini vitumba vipo?"

"Vitumba vipo."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa ruhusa, akaondoka. Sikumuuliza kwa nini anauliza. Nilijua. Mwanawe Mboje alikuwa anataka kuoa binti wa Lagangabilili anayeitwa Kabula. Wazee wa binti walikuwa wametaja idadi ya ng'ombe, na zizi la Shija lilikuwa limepungukiwa wawili. Na wawili pekee waliobaki ambao hawakuwa ndama wala mzee wa kufa kesho walikuwa maksai wake wa plau, Waziri na Katibu.

Hao maksai walikuwa ndio shamba lenyewe. Waziri alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, mvivu wa kuanza lakini akianza hasimami. Katibu alimfuata tu. Shija akiwa nao alilima kipande chake chote ndani ya wiki ya kwanza ya mvua, kisha akawalimia na majirani. Hesabu yake ilikuwa rahisi na haikuwa ya kijinga: nitoe maksai sasa, kijana aoe, pamba iko njiani na dada yangu ameihesabu, nitanunua wengine kabla ya mvua za kwanza.

Akawatoa. Walipopita barabarani kwenda kwa wakwe, majirani walisimama kutazama. "Serikali imebadilika mpaka zizini," mmoja akasema. "Waziri ametenguliwa na Katibu wake." Shija alicheka kuliko wote.

Pamba ikaja pungufu. Haikuwa maafa, hakuna aliyekuja kupiga picha. Ilikuwa pungufu tu, kama shuka inayoacha miguu nje. Bei ilikuwa ya kawaida, mvua haikuwa mbaya, funza hawakuzidi. Sikuwa na wa kumsingizia. Shija alipomaliza kuuza, hakukuwa na maksai wawili katika kile alichopata. Hata mmoja.

Nilimwita Mama Minza. Alikuja kwa baiskeli ya mtu, akalalamika njia nzima, kisha tukaingia shamba la Shija, ambalo miti yake ya pamba ilikuwa bado imesimama kabla ya kung'olewa na kuchomwa. Karibu na nyumba, miche ilikuwa mirefu, na kila tawi lilikuwa na maganda matupu ya vitumba vilivyovunwa. Tukaendelea kutembea. Hatua mia mbili hivi kutoka nyumbani, udongo ukawa wa kichanga, ule tunaouita luseni, na miche ikawa inatufika magotini. Maganda yakawa ya kutafuta.

"Kamba yako uliitandika wapi?" Mama Minza akauliza.

"Kule tulikotoka. Pale karibu na nyumba."

"Kwa nini pale?"

"Ndipo Shija aliponipokea."

"Na pale zamani palikuwa nini?"

Nilijua palikuwa nini. Palikuwa boma la babu yetu. Ng'ombe wake walilala pale miaka mingi kabla sijazaliwa. Mahame ya namna hiyo tunayaita matongo, na mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba ardhi ya matongo inaotesha hata fimbo.

"Na kwa Malimi, kule Ipililo, ulianzia wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Na kwa yule mjane, jirani yake?"

"Kwenye zizi la zamani." Nikatazama kule tulikotoka. "Mama, kila mahali ni hivyo. Nafika, napiga goti, nasalimia, napewa maji, mwenye nyumba anasimama ananisindikiza shambani. Shamba linaanzia pale nyumba inapoishia. Natandika kamba."

Mama Minza akafungua pindo la kanga, akaliangalia, akalifunga tena bila kunusa.

"Hukuhesabu pamba, Holo. Umehesabu mapokezi."

Nikamuuliza yeye alikuwa akianzia wapi, miaka yake yote. Tulifika nyumbani kwa Shija, tukapewa maji, akanywa yote, ndipo akasema, "Nilikuwa nanywa maji kwanza, kama wewe." Siku hiyo nilielewa kwamba aliyenifundisha hakunificha kitu. Hatukuwa na aliyetusahihisha, kwa sababu kabati halisahihishi mtu.

Fikirini jinsi kosa hili lilivyo la kwetu. Mgeni asiye na adabu, anayeshuka kwenye gari na kuingia popote, angepata namba iliyo karibu zaidi na ukweli. Sisi wenye adabu, tuliokaribishwa, tulipelekwa kwenye ardhi ambako mababu walilaza ng'ombe. Na mwenye shamba hakukudanganya. Nani humpeleka mgeni kwenye kona yake mbaya? Alikuonyesha kilicho kizuri kama anavyokuwekea kiti kisichovunjika.

Nilibeba madaftari yangu yote kwenda kwa afisa. Njiani, kabla ya kuingia Lagangabilili, kuna shamba la wakwe zetu, na mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Waziri alikuwa kwenye plau ya mtu mwingine. Nilisimama barabarani nikamwita jina lake. Hakugeuka. Aliyekuwa akimwongoza alimwita kwa jina lingine, na akasogea.

Afisa alikuwa amevaa viatu vya mvua, vya mpira, vyeusi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Aliyapanga madaftari yangu mezani moja juu ya jingine, akayasawazisha pembe.

"Ziko juu kwa kiasi gani?"

"Sijui."

"Dada Holo. Nilisimama mbele ya watu nikasema mwelekeo ni mzuri. Ripoti imeshapanda juu. Unaniletea kosa, halafu hujui ukubwa wake?"

"Kama ningejua ukubwa wake nisingekuwa nalia."

Sikuwa nimegundua kwamba nalia mpaka niliposema hivyo. Akasimama akafunga mlango. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema kwa sauti ya chini, "Mimi pia nililima mwaka huu. Nikakopa kwa namba yako." Akanivutia kiti, tukakaa, wachumi wawili wa mkoa wa Simiyu. Kisha akasema, "Msimu ujao anza upya. Ikija ndogo, nitaisoma ndogo."

Nilipofika nyumbani, Shija na mkewe na Mboje walikuwa wanalima kwa jembe la mkono, na Kabula, bi harusi wa miezi michache, alikuwa kwenye mstari wake peke yake, mbele ya wote. Nikachukua jembe nikaingia mstari wa pili. Nilianza kusema habari za Waziri, jinsi nilivyomwona, jinsi ambavyo hakugeuka. Kabula akasimama, akajifuta uso.

"Shangazi, naomba niseme kitu. Kila mnapomsikitikia Waziri, mnanisikitikia mimi niliyekuja kwa ajili yake. Wale ng'ombe ndio mimi. Mimi nipo hapa, nalima."

Sikumwambia hata inategemea. Shija, aliyekuwa mistari mitatu nyuma, alisema tu, "Gete, kweli kabisa, mkwe. Lakini Waziri alikuwa hajibu." Kabula akacheka, na sisi tukacheka, tukarudi kwenye majembe.

Msimu uliofuata nilijirekebisha kwa namna yangu, yaani kupita kiasi. Niliamua kuingia kila shamba kwa upande wa nyuma, kupitia ngitili, yale malisho yaliyofungwa, bila kupita nyumbani. Siku ya pili, Ipililo, nimeinama kwenye miche ya mzee Malimi, nikasikia fimbo inapiga majani.

"Nani anayetembea shambani kwangu kama nyani?"

"Ni mimi, bhabha. Holo wa makisio."

"Holo ninayemjua ana magoti. Hupita nyumbani akasalimia. Wewe umeyaacha wapi?"

Habari ikanitangulia. Kufikia Ijumaa, mashamba matatu yalikuwa yamenikatalia. Nilikuwa nimepata mahali sahihi pa kuanzia, na sina pa kuhesabu. Mama Minza ndiye aliyenitoa humo, na hili ndilo nililokusudia kuwapa tangu mstari wa kwanza, kwa hiyo liandikeni hata nyuma ya kishikwambi.

Nenda nyumbani. Piga goti, salimia, kunywa maji. Usiharakishe maji. Kisha mwombe mwenye shamba akupeleke mpaka wa mbali kabisa, na uhesabu mkiwa mnarudi nyumbani. Kwenda usihesabu kitu. Mkirudi, tandika kamba kwenye kila udongo unaobadilika chini ya miguu, luseni, mbuga, na matongo mwisho, mara moja tu.

Hatakubali kirahisi. Malimi aliniambia, "Kule mwisho pabaya. Unataka nikuonyeshe uchi wangu?" Hapo msimpe somo la hesabu. Mimi nilimwambia, "Bhabha, nilimhesabia kaka yangu pamba ya karibu na nyumba, akatoa maksai wake. Nipeleke kwenye ile inayokuumiza." Akachukua fimbo akatangulia. Tulipofika mpaka wa mbali, alianza kuzungumza mwenyewe, bila kuulizwa, maji yanaposimama, mahali alipokosa mbegu, kipande alichoacha kupalilia mkewe alipougua. Kwenye matongo hakuna mkulima aliyewahi kuniambia neno zaidi ya "karibu."

Namba yangu ya msimu ule ilikuwa ndogo. Afisa aliisoma ndogo. Hakuna aliyepiga makofi, na mtu mmoja akauliza kama serikali mpya imeleta nuksi. Afisa akajibu kwamba pamba ni ileile, ila safari hii tumeitembea yote. Nilifanya misimu mingine miwili, kisha nikaomba kuacha. Sikuchoka miguu. Nilichoka kuamka usingizini nikijiuliza kama mbegu ile ilikuwa ya kulia au ya kushoto. Mwenye usingizi mzuri kati yenu atafika mbali.

Lakini mtu haachi kuulizwa. Juzi, baada ya mmoja wenu kupita Sola, dada mmoja mwenye fulana yenu, mpole, niliyemwona Shija akimpeleka moja kwa moja hadi mpaka wa mbali kabla hajafungua kishikwambi, kaka yangu alikuja nyumbani. Safari hii alikaa.

"Malimi ana maksai wawili. Yuko tayari nimpe mahindi yaliyo kwenye kihenge, nichukue maksai sasa. Chakula tutanunua pamba ikiuzwa. Redio inasema mwelekeo ni mzuri." Akageuza kikombe mkononi. "Wewe unasemaje?"

Nilisikia neno lile likipanda kooni. Inategemea. Nililimeza, na lilikuwa kubwa.

"Jana nilipita shambani kwako," nikasema. "Sikutumwa na mtu. Kwenye mbuga kuna vitumba saba kwa mche, kwenye luseni vinne, na katika vinne hivyo kimoja kina funza. Mahindi usiyaguse. Maksai subiri mpaka umeuza. Ninaweza kuwa nimekosea, lakini hilo ndilo ninaloliona, na ningekuwa wewe ndivyo ningefanya."

Shija akaacha kugeuza kikombe.

"Miaka yote hii," akasema, "ndiyo umepata kunijibu."

Alimaliza chai akaondoka bila kusema ataamua nini. Sikulala vizuri. Je, kama ni vitano? Je, kama nimemnyima maksai kwa kitumba kimoja? Kulipopambazuka nilivaa sketi yenye mifuko nikazunguka kwa njia ya ngitili, nihesabu tena kabla mtu hajaniona.

Shija alikuwa ameshafika. Alikuwa mpaka wa mbali kabisa, kwenye luseni, ameinama, anabonyeza kitumba kimoja kimoja kwa kidole gumba na cha shahada, midomo inacheza. Akafika mwisho wa mche wa kumi, akaingiza mkono mfuko wa kulia wa suruali, akatoa mbegu, akaitia wa kushoto.

Nilisimama pale kwenye umande. Sikumsalimia.